Neno Kutoka Mzizini

Mwanamke mmoja, Damari, alikuwa na kisima alichokichimba kwa mikono yake katika mchanga wa korongo. Mumewe, Yoramu, alikuwa na shamba la mtama, ghala lenye nafaka ya mwaka uliopita, na sifa ya ukarimu kijiji kizima. Mwaka huo walikuwa wanamwoza binti yao Yusta, na Yoramu alikwisha kutangaza karamu: ghala litafunguliwa, pombe itapikwa, na yeyote atakayefika atakula ashibe.

Mvua ikakatika mapema. Hakuna aliyeshtuka, kwa maana majani yalikuwa bado mabichi. Lakini Damari, aliyezoea kuyafikia maji kwa kuinama tu, sasa alilala kifudifudi akazamisha mkono hadi begani, na mchanga alioutoa ulikuwa mkavu. Akaogopa. Kisha akaamua kwamba habari hiyo haitabaki kisimani.

Alimwambia mumewe ghala lifungwe na karamu iachwe. Yoramu akacheka, akamwonyesha mawingu. Alimwambia tena kesho yake, na tena, mpaka akaitwa mchoyo mbele ya mashemeji zake. Hakununa, wala hakunyamaza.

Adhuhuri moja Yoramu alirudi kutoka shambani amenywea. Majani ya mtama yalikuwa yamejikunja yote. Alisema mtama umekufa, na kwamba atawafungulia ng'ombe waingie wale mabua. Damari alimshika mkono, akamrudisha shambani, akachimbua shina moja. Mizizi ilikuwa hai.

"Haujafa, Baba Yusta, umejifunga," alisema. "Huku chini kumekauka, mzizi umepeleka habari juu, na jani limetii. Mimi nami ndiye ninayeshuka kisimani. Sikuletei maneno ya watu, nakuletea nilichokigusa kwa mkono wangu."

Yoramu alichuchumaa pale, shina likiwa mkononi. Jioni ile alifunga ghala.

Yusta aliozwa kwa uji. Wageni waliondoka wakinong'ona, na Yoramu, ambaye hakuwahi kumwacha mtu aondoke na njaa, aliingia ndani akajifungia. Damari alisimama mlangoni akawaaga wote, mmoja mmoja. Kwa jirani yao pombe ilinywewa mpaka ikaisha, na ng'ombe wakalishwa mtama uliojikunja.

Mvua ilirudi kwa kuchelewa, tena kidogo. Mtama wa Yoramu ulikunjua majani, ukatoa masuke. Yalikuwa madogo, maana mmea uliojifunga haukui sana. Lakini nyumba ile ilikula hadi mavuno mengine, na jirani alipokuja na kikapu kitupu, Damari alimpimia.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Wanaochunguza mimea wanasema kwamba mzizi ukigusa ukavu, mmea hutengeneza kitu kidogo sana ndani yake, wanakiita homoni, nacho hupeleka onyo hadi kwenye jani. Hapo jani hufunga vitundu vyake vya kupumulia, ili maji machache yaliyobaki yasipotee. Linafanya hivyo lingali bichi, jua likiwa zuri, na watu wakilisifu. Halijauona ukavu kwa macho yake. Limeambiwa.

Nawe uliyewekwa juu, unayesifiwa kwa ubichi wako: neno likikujia kutoka kwa aliye chini yako, utajifunga, au utangoja mpaka unyauke ndipo uamini?