Kichanga Mkononi mwa Bibi Nakijwa

Hapo zamani, enzi ambazo hao babu zenu mnaotutambia walikuwa bado wanabebwa mgongoni, aliishi milimani bibi mmoja, Bibi Nakijwa. Mimi darasani sikukaa sana, mlango niliutoka mapema. Lakini fumbo hili hata mwalimu wangu lilimshinda. Haya, wajuaji mliokaa mbele, jaribuni.

Bibi Nakijwa alikuwa mgonjwa wa kufa. Nyumbani mwake walikuwamo watatu. Mrutu, mwanawe, seremala wa kujisifu. Namsemba, bintiye aliyeachika, mwenye sauti ya kuamsha bonde zima. Na Nietiwe, mjane wa mwanawe mwingine, ambaye hakuwa na kwao tena pa kurudi. Bandani alikuwamo sungura jike mweupe mwenye mimba. Maradhi yalikuwa yamefagia mabanda yote ya mlimani. Mbegu iliyobaki ilikuwa huyo.

Bibi akasema, "Atakayewavusha watoto wa sungura wangu mpaka wafumbue macho, nyumba hii yake. Wengine wafunge mizigo."

Sasa, sungura anayezaa anataka giza, anataka kimya, anataka maji. Hata wewe unayepiga miayo unajua.

Mrutu akatengeneza sanduku la kuzalia. Akaliacha wazi upande wa mbele, watu waone alivyopiga randa! Giza likakosekana.

Jike akajinyonyoa manyoya ya tumbo, akatandika, akazaa. Namsemba akachungulia, akaona vichanga vyekundu, uchi, vimelaliana. Akafanya kama afanyavyo kwa kila mzazi: akapiga vigelegele. Vigelegele vya Namsemba, jamani! Jike akaruka kwa hofu, akatua juu ya wanawe, akawakanyaga.

Maji yalikuwa kazi ya Nietiwe. Siku hiyo alikwenda kupalilia kaburi la mumewe, chungu kikabaki kikavu. Jike, kwa kiu ya uzazi, akaanza kuwala wale aliowakanyaga.

Mbona mmenyamaza? Mlidhani sungura ni wa kuchekea?

Nietiwe aliporudi alikuta kimoja kimebaki pembeni, baridi kama jiwe la mtoni.

"Kitupe, shemeji," Mrutu akasema. "Hicho maiti."

"Si maiti. Kina baridi tu."

Akakitia kifuani, chini ya khanga, mahali ambapo hakuwahi kulaza mtoto wake mwenyewe. Jua lilipozama kikapiga teke.

Lakini mama yake akakikataa. Hapo Mrutu akaingia kazini. Kila alfajiri akamlaza jike chali mapajani, akamkaza, kichanga kikanyonya. Jike akamng'ata, akamparura. Jeraha la kidole gumba likaoza, kidole kikakatwa. Seremala bila gumba! Niambieni, randa ataishikaje?

Kisha mvua ikalowesha majivu ya kuzuia wadudu yaliyozunguka miguu ya banda, na siafu wakapanda. Namsemba akatumbukiza mikono, akakiopoa kichanga katikati yao. Walimng'ang'ania mpaka kwenye kope. Jicho moja likaharibika. Na hakutoa sauti. Yeye, Namsemba! Alijiuma mdomo mpaka damu, jike asishtuke tena.

Kichanga kikafumbua macho.

Wakakipeleka kitandani kwa Bibi, wanabishana tangu mlangoni.

"Mama, bila maziwa kingekuwa udongo," Mrutu akasema. "Tazama mkono wangu."

"Mkono wako ndio uliojenga dirisha badala ya sanduku!" Namsemba akamrukia. "Mimi nimetoa jicho, kaka. Wewe umetoa gumba la kupigia porojo."

"Na wale waliokanyagwa, nani aliwapigia vigelegele?"

Nietiwe akasema polepole, "Wifi, shemeji, ninyi mlikiokoa kikiwa hai. Mimi nilikiokoa kikiwa kimeshaitwa maiti."

"Na wenzake wakaliwa kwa kiu yako," Namsemba akamjibu.

"Najua, wifi. Kila nikinywa maji nakumbuka. Ila mkinitoa humu, mimi nina kaburi tu la kwenda."

Ninyi mngemjibu nini?

Bibi Nakijwa akanyoosha kiganja. Wakamwekea kichanga. Kikamtazama, naye akakitazama, masikio madogo ya kichanga yakitetemeka.

"Nyumba hii," Bibi akasema, "nampa..."

Pumzi ikakatika. Vidole vikajikunja, kichanga kikabaki ndani, hai, kinahema, baridi ya maiti ikianza kukipanda. Watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja: mkono usio na gumba, mkono wenye makovu ya siafu, mkono wa mjane. Kila mmoja akausukuma wa mwenzake. Na kichanga kikazidi kupoa.

Haya, acheni kukohoa, na msinitazame mimi. Je, ni mkono wa nani uliostahili kuvifungua vile vidole?