Fahali Kitandani

Hapo zamani, wakati wa vita vikuu vya pili, wanaume wa kijiji kimoja cha Upareni walivishwa kaptula wakapelekwa Burma. Wakabaki wanawake, watoto na fahali mmoja, mali ya mjane Namkunda.

Siku moja zikaja habari: askari anapanda mlima kukusanya ng'ombe wa kulisha jeshi.

"Akichukuliwa huyu, ng'ombe wetu watazaa na nani?" akalia Namkunda. "Atakayemwokoa, ndama wa kwanza ni wake!"

Nakiete, mmoja wa wanawake wale, hakungoja aambiwe mara mbili. Akambembeleza fahali kwa chumvi hadi chumbani, akamlaza kitandani, akamfunga kilemba kuficha pembe, akamfunika blanketi hadi puani. Kitanda kikalia kraa! Nakiete naye akalia moyoni, maana alikichonga mumewe kabla hajaenda vitani.

Askari akaingia. "Nani huyo?"

"Mama mkwe, afande. Mgonjwa."

"Mmmuu!" akaguna mama mkwe.

Nakiete akalishika blanketi, asijue afanye nini zaidi. Lakini jirani yake Naelijwa akajibwaga chini, kashika tumbo. "Mmmuu! Hata mimi umenishika, afande! Ndio ugonjwa wenyewe!"

Fahali akaitika, Naelijwa akapokea, wakapokezana kama kwaya.

Askari akarudi nyuma kidogo. "Mfunue nimwone uso."

Hapo akaingia Namsifu, wifi yake Nakiete, ametoka shambani, hajui hili wala lile. Akaona kilemba, akaona na pua.

"Maskini mama! Kumbe umerudi kutoka Same, nawe umevimba hivi!"

Akamkumbatia shingoni, akambusu, akalia machozi na kamasi. Askari akamkumbuka mama yake mzazi, akavua kofia, akateremka mlima huku akijifuta macho.

Ndama akazaliwa.

"Wangu," akasema Nakiete. "Akili ilikuwa yangu. Na kitanda kilivunjika, nalala chini mpaka leo."

"Akili yako iliisha fahali alipoguna," akajibu Naelijwa. "Nisingeguna naye, angeliwa. Sasa watoto wananiita Mama Muu!"

"Nyinyi mliigiza," akasema Namsifu. "Mimi nililia kweli. Na nani mwingine alimbusu?"

Nakiete nusura acheke, akakumbuka kitanda chake, akanuna.

Namkunda kashika kamba ya ndama, anawatazama mmoja mmoja, mkono hauendi huku wala kule. Msinitazame mimi, jamani, semeni nyinyi. Je, kamba ile akabidhiwe nani?