Namba ya Nyumba ya Hiza

Kizingiti hakitaji aliyevuka. Mmemsikia fundi Kopwe akiisema pale dukani, mkaja mbio kuniuliza kaitoa wapi. Kaitoa hapa hapa Korogwe, mtaani kwetu, na aliyeisema mara ya kwanza nilimpikia chai kwa mikono yangu. Kaeni chini basi, na hizo simu wekeni kando.

Alikuwepo mwalimu akiitwa Hiza Shemndolwa, akifundisha hesabu kwenye shule ya bweni ya wasichana. Hakuwa ameoa bado. Aliishi na mama yake, nyumba ya pili kutoka hapa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Wasichana waliofeli kila kitu walifaulu hesabu. Alikuwa wa kwanza mtaani kuvuta mtandao nyumbani, apate kupeleka alama za wanafunzi shuleni bila kumwacha mama mgonjwa peke yake.

Mama akafariki. Nyumba ikajaa watu. Wengine walichimba kaburi, wengine walipasua kuni, sisi wanawake tukashika masufuria. Msiba wetu mnaujua: vijana wanalala uani mpaka siku ya kuondoa tanga, na bila simu hawakai. Wakaomba paswedi ya mtandao. Hiza angemnyimaje mtu aliyetoka kumshusha mama yake kaburini? Akaitaja kwa sauti, na wa nyuma wasikie. Hata mie niliipata, na simu ya kuitumia sikuwa nayo.

Mmoja wao akapakua filamu chafu, ya kuaibisha ukoo mzima. Aliipakua kwa ile njia ya kugawana, kila mtu anachukua vipande kwa mwenzake huku naye akiwagawia wengine. Njia hiyo haina pazia. Namba ya mtandao wa nyumba yako inaonekana na yeyote anayechungulia. Na wachunguliaji wapo. Wanaziokota namba na kuzianika kwenye ukurasa wao, kwamba namba fulani ilichukua kitu fulani siku fulani.

Mjumbe mmoja wa bodi ya shule akaujua ukurasa huo. Akazichukua namba ambazo walimu walipelekea alama, akawa anazijaribu humo moja moja. Ya Hiza ikatoa ile filamu.

Bi. Kilua, mkuu wa shule, akamwita ofisini. Waliyosemezana alinihadithia Hiza mwenyewe, kwa hiyo sizui.

"Mwalimu, namba hii ni ya nyumbani kwako?"

"Ni ya kwangu, mama. Ila siku hiyo nilikuwa na msiba. Watu walijaa."

"Basi nitajie waliokuwepo, tuwaulize."

"Hao walimzika mama yangu. Siwezi kuwapanga nikawauliza nani alitazama uchafu kwenye tanga lake."

"Nina mabinti za watu hapa. Usiponitajia mtu, nitabaki na wewe."

"Namba inajua nyumba, mama. Mtu haimjui."

"Bodi haitalielewa hilo."

Na haikulielewa. Wakamfukuza, na habari ikamtangulia kufika mtaani. Posa aliyopeleka Muheza ikarudishwa. Mie nilikwenda shuleni kueleza. Nikaambiwa, mama, rudi ukapumzike. Na wale waliokula wali uani kwake? Walinyamaza. Angetosha mmoja tu kusema, ni mimi. Walimsalimu barabarani wakapita zao, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata Bi. Kilua naye akavuta mtandao nyumbani. Fundi hajafunga hata mfuko wake, mama huyo akaijaribu namba yake mpya kwenye ukurasa ule. Zikatoka filamu tele, za siku ambazo nyumba yake haikuwa hata na waya. Fundi akamweleza kuwa kampuni huzizungusha namba, iliyokuwa jana kwa huyu, leo iko kwa yule. Bi. Kilua akaja kwa Hiza akilia. Ndipo nilipopika ile chai. Akaomba radhi, akasema atakwenda kusimama mbele ya bodi.

Hiza hakukigusa kikombe. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Nenda ukitaka, mama," akasema. "Watanipa kazi, lakini nani atampeleka bintiye kwangu?" Kisha akatazama mlangoni. "Kizingiti hakitaji aliyevuka. Lakini aliyevuka anajijua, na kila siku ananipita hapo nje akinisalimu."

Hakufundisha tena. Alipofariki, nyumba ilijaa watu vilevile. Walewale wakachimba kaburi, walewale wakapasua kuni. Nilikuwa nikipakua wali huku nikitazama nyuso zao mmoja mmoja, nikitafuta, na kila uso ulikuwa na machozi.

Kizingiti hakitaji aliyevuka.