Njiwa wa Kwaya ya Kabiria

Munyiva na mumewe Muthama walikuwa na duka la kudarizi nembo katika orofa ya pili ya jengo moja pale River Road, jijini Nairobi. Mashine yao ilipokea michoro kutoka kwa kompyuta, kupitia programu kuukuu ambayo waundaji wake walikwisha kuitupa mkono. Hata hivyo, ilifanya kazi bila tatizo lolote.

Kisha kompyuta ikaanza kudai mfumo endeshi mpya, ambao programu ile isingeweza kufanya kazi nao. Muthama, aliyependa kipya kama mtoto apendavyo sikukuu, alitaka kufuta kila kitu na kununua programu ya kisasa. Mkewe hakupinga.

“Baba Kiema, weka huo mfumo,” alimwambia, “lakini programu ya zamani tuihamishie kompyuta nyingine, tuiweke pembeni. Hii mpya bado hatujaijua tabia.”

Muthama alinung'unika kwamba meza ingejaa takataka, ila akatii shingo upande.

Majuma machache baadaye akaja Lornah, katibu wa kwaya moja ya Kabiria. Mwalimu wao, Mama Hannah, alikuwa akistaafu Jumapili, nao walitaka majoho mapya yenye njiwa aliyechorwa na marehemu mumewe. Mchoro huo ulikuwa umehifadhiwa dukani tangu zamani.

Muthama aliufungua kwa programu mpya. Njiwa akatoka kama kuku aliyenyeshewa, nyuzi zimesokotana. Akarekebisha, akarudia, vitambaa vikaharibika. Muuzaji wa programu alimweleza kwa simu kwamba haikuweza kusoma sawasawa faili za zamani. Angeweza kuchora njiwa mwingine, lakini asingekuwa yule wa marehemu.

“Mama Kiema, nimeshindwa,” alisema.

Munyiva hakumcheka wala kumsimanga. Aliwasha kompyuta ya pembeni, akatuma mchoro, mashine ikavuma. Njiwa akatokea, bawa moja refu kuliko jingine, vile vile alivyochorwa.

Jumapili, Mama Hannah alilishika joho la Lornah, akapitisha kidole juu ya lile bawa refu, machozi yakimlengalenga.

“Hakuwahi kujua kuyalinganisha mabawa,” alisema akitabasamu.

Tangu hapo, kazi mpya hupitia mfumo mpya, na za zamani hupitia kompyuta ya pembeni. Muthama mwenyewe ndiye huifuta vumbi kila asubuhi, wala hakuna anayeruhusiwa kuigusa ovyo. Duka limetulia, na wateja wa miaka yote wanahudumiwa. Wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.