Kwa Nini Mashine ya Kwemhande Hunyamaza Saa Nne

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Bi Mahija alimkung'uta mumewe unga mabegani kwa ncha ya kanga, akamwambia, "Shekiondo, mahindi ya watu hayakutoshi, sasa unajisaga na mwenyewe." Kisha akaenda zake kibarazani kwa watoto. Jumanne iliyofuata alizikwa.

Enzi hizo mashine ya kusaga ya Kwemhande ilikuwa hainyamazi. Iliwashwa alfajiri, ikazimwa jua likizama, na watoto waliotumwa kusagisha walisukumana kwenye foleni hadi mahindi yakamwagika. Aliyewatuliza ni Bi Mahija, mwalimu mstaafu. Kila Jumamosi aliwaketisha kwenye benchi, akawasomea kitabu, kisha akawapa daftari moja la wote. Humo mlikuwa na hadithi ya mbuzi aliyekataa kushuka mlimani. Kila juma mtoto mmoja alikwenda nalo nyumbani, akaongeza kipande chake, akaja kukisoma. Kwa ajili ya mngurumo walisoma kwa kupiga kelele, vichwa vimegusana. Shekiondo aliona midomo ikicheza na meno yakicheka. Kwa miaka kumi na mmoja hakusikia hata neno.

Baada ya matanga alivifungia vitabu sandukuni. Aliamini watoto walimfuata Bi Mahija, si vitabu. Nao watoto wakaanza kupeleka mahindi mashine ya bondeni, benchi likakaliwa na magunia.

Jumamosi moja akatokea Mwajabu, msichana wa miaka kumi, debe kichwani, daftari kwapani.

"Shikamoo, babu. Zamu ilikuwa yangu. Nimeandika."

"Marahaba. Kamsomee mwalimu wako shuleni."

"Shuleni hawaujui mwanzo wake." Akalifungua daftari. "Na nikimaliza mimi, babu, hakuna wa kumpa. Hadithi inafia kwangu."

Akaanza kusoma palepale. Shekiondo aliinama, akatega sikio, akaambulia mngurumo tu. Hapo akafanya jambo ambalo msagaji yeyote angelionea haya: aliizima mashine mahindi yakiwa bado ndani, ingawa alijua kuiwasha tena ni mpaka aifungue na kuyachokoa kwa kijiti.

"We Shekiondo!" Mama Kibua aliruka kwenye foleni. "Mahindi yangu umeyafanya mateka?"

"Kidogo tu, shemeji. Sikiliza."

Mwajabu alisoma. Katika kipande chake mbuzi hakuwa mkaidi hata chembe. Alikuwa akingoja mtu amwulize kwa nini hashuki.

Kisha Mama Kibua akasema, "Huyo kwato zinamwuma."

"Aa, wapi! Ana mtoto huko juu," bibi mmoja akamjibu. "Wewe hujafuga, utajuaje?"

Foleni nzima ikaingia kwenye ubishi, na watoto waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Shekiondo alicheka mpaka akafuta macho. "Ahsante, mjukuu wangu," alimwambia Mwajabu. "Ahsante sana."

Na tangu siku hiyo, Jumamosi ikifika saa nne, mashine ya Kwemhande huzimwa, watoto wakasoma walichotunga, na wakubwa wakabishana nao. Mgeni mwenye haraka akinung'unika, huambiwa asogee akae, benchi lina nafasi.

Lakini wanaoijua vizuri asili ya desturi hii hawaishii Jumamosi ile. Husema kwamba kesho yake asubuhi Shekiondo alilitoa sanduku, akavitandaza vitabu kibarazani vipate jua. Kisha akaenda hadi kwa kina Mwajabu kuuliza zamu inayofuata ni ya nani. Akaambiwa haina mwenyewe. Akalipokea daftari kwa mikono miwili, akarudi, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni, akaanza kuandika.