Karani Aliyesingizia Umeme

Wapendwa, hebu nisikilizeni. Palikuwa na mama mmoja kijana, karani wa zahanati, mtoto mgongoni, kompyuta yenye mfumo wa Linux mbele yake, na ndani ya kompyuta hiyo rekodi za chanjo za watoto mia sita, nani kachomwa ya surua, nani bado. Aliambiwa jambo moja tu: usisasishe chochote bila fundi. Asubuhi ya kliniki akaona ujumbe kwamba masasisho yako tayari, akajisemea, si kubonyeza tu, akabonyeza. Kompyuta ilipojizima na kuwaka tena, programu ya chanjo ikagoma kufunguka.

Nje kina mama wamejaa kwenye mabenchi, watoto wanalia. Akampigia fundi.

"Dada, umegusa nini?"

"Mimi? Sijagusa kitu, kaka. Umeme ulikatika ukarudi, basi. Niifute kompyuta yote niiweke upya? Nifute?"

"Ukiifuta, na hao watoto mia sita umewafuta. Toa mkono hapo."

Fundi akaingia kwenye mashine kwa mtandao kutoka hukohuko aliko, akafungua kumbukumbu ya mashine. Kumbe mashine huandika kila inachofanyiwa.

"Dada, umeme wa kwenu umesoma. Umesasisha vifurushi arobaini vya programu saa mbili na dakika kumi."

Mama akasema kwa sauti ndogo: "Ni mimi, kaka. Sasa nafukuzwa?"

"Nani kataja kufukuza? Orodha hii hatuisomi ili tukukamate. Tunaisoma ili tujue pa kurudi."

Akatafuta kifurushi kimoja kilichogombana na ile programu, akakirudisha kwenye toleo la jana, vingine akaviacha vilivyo. Programu ikafunguka, watoto wote wamo. Mama akashusha pumzi, akamkaza mwanawe mgongoni, akaita jina la kwanza.

Jamani, na sisi je? Si tunakana hivyohivyo? Tukibanwa tunataka kufuta maisha yote, ndoa, kazi, hata wokovu, kumbe kilichoharibika ni kitu kimoja cha juzi. Na tukipiga magoti tunasema, "Bwana, nisamehe yote." Yote yapi? Tunaogopa kukitaja kile kimoja kwa sababu tunajua kimeandikwa. Ndugu zangu, tusiogope. Yeye aliyeandika ndiye anayejua pa kuturudisha.