Josho la Mkurugenzi Lubango

Mkurugenzi Lubango alikuwa na josho la ng'ombe ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona. Siku ya ukaguzi akamsogezea mkaguzi, Bi Nyamizi, kalamu.

"Dada yangu, thibitisha tu kwamba limejengwa. Barabara ya huko imekatika, na ukinikatalia utahamishwa."

"Sawa, mheshimiwa," Nyamizi akajibu kwa upole. "Ila pole. Ng'ombe wa Mkuu mpya wa Mkoa waliogeshwa humo jana, wamekufa wote. Anamtafuta mwenye josho."

Jasho likamtoka Lubango. "Wamekufaje? Pale hapajachimbwa hata shimo la panya."

"Basi yaandike hayo, utie saini, yakulinde."

Akaandika mbio mbio. Nyamizi akaikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Tulia sasa, mheshimiwa. Mkuu wa Mkoa hafugi hata kuku."